Bora Dadu Ndiyo Ifungwe

Jumamosi iliyopita dadu nyekundu ilihukumiwa kifungo cha wiki mbili. Ilipelekwa gereza la Ruanda.

Msomaji wa Mbeya asishtuke. Ruanda ninayoisema haina ukuta mrefu wala askari getini. Ni kopo la maziwa ya unga lenye matundu matatu ya msumari kwenye mfuniko, linakaa juu ya kabati la vyombo katika chumba tunachochezea, mtaa wa Soweto. Ubavuni limebandikwa plasta ya hospitali iliyoandikwa jina hilo kwa kalamu ya wino. Dadu nyekundu ilipoingia iliwakuta wafungwa wawili wa zamani: nyeusi moja ya pande nane, na ya kijani ambayo hakuna anayekumbuka tena ilikosa nini.

Kosa la nyekundu lilikuwa wazi. Mwenye nayo ni kijana anayeuza spea za pikipiki Mwanjelwa, na kwenye hadithi yetu yeye ni mhunzi mwenye nyundo, mtu wa miraba minne. Mhunzi alikuwa anavuka mto juu ya jiwe lililopinda kama tao (aliyewahi kufika Daraja la Mungu kule Kiwira atajua msimulizi wetu alikoliiba). Akarusha dadu. Moja. Akateleza. Akarusha tena kuona kama ataudaka mzizi. Moja. Mwenzake akamtupia kamba, akarusha mara ya tatu. Moja. Chumba kizima kikanyamaza, chai ikachemka mpaka ikamwagikia jiko. Halafu yule kijana akaiokota dadu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anavyomwokota panya aliyekufa, akasema, "Hii imerogwa." Wote kwa sauti moja tukajibu, "Ruanda!"

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe, nitaueleza haraka. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na hadithi inatungwa papo kwa papo. Ni ile ile hadithi hadithi, hadithi njoo, ila hapa msikilizaji naye anaamua sungura afanye nini. Panapotokea jambo la shaka, kama mtu ataruka shimo au atatumbukia, dadu ndiyo inakata shauri. Dadu kuu ina pande 20. Ukipata 20 umefaulu kwa kishindo, ukipata 1 umeumbuka. Mchezo uliozaa mingine yote wa aina hii ni Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hakuna hata shilingi inayowekwa mezani.

Hilo la shilingi nalisema mapema kwa sababu mama mwenye nyumba alipoiona ile dadu kwa mara ya kwanza, imechongwa kama kito cha pete na kila uso una namba, aliuliza swali moja tu: ninyi ni watu wa kamari au ni Frimasoni? Simlaumu. Huko huko Marekani, miaka ya 1980, wazazi na wahubiri waliuandama mchezo huu kwamba ni mlango wa shetani. Mama wetu alitulizwa kwa chai na maandazi, na siku hizi akitukuta koridoni anauliza mhunzi anaendeleaje.

Ila ukikaa nasi jioni moja unaweza kuondoka ukisema mama alikuwa na hoja. Kuna muuguzi mmoja, mtu makini kuliko sisi wote, ambaye akifika tu anazipanga dadu zake saba mstari mmoja, kila moja namba yake kubwa ikiwa juu, "zizoee." Muuza spea yeye hufanya kinyume: anaweka 1 juu, ili zile moja zichoke kukaa hapo zishuke zenyewe. Wote wawili wamewahi kubishana nusu saa nani yuko sahihi. Kugusa dadu ya mwenzio ni utovu wa adabu sawa na kuchota kwenye sahani ya mgeni. Ukiigusa kwa bahati mbaya, mwenyewe ataifuta kwenye shati kabla ya kuirusha. Kuchezea dadu kabla hadithi haijaanza ni kuzimaliza ishirini zake bure. Na dadu mpya iliyotoka Dar kwa basi hairushwi siku ile ile. Inalala kwanza mfukoni kwa mwenyewe. Mimi ninayeandika haya kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu, nikikosa mara mbili huhamia mkono wa kushoto. Sijui kwa nini. Najua tu kwamba kulia kumeshaharibika.

Wala tusijidhanie peke yetu kwa sababu ni watu wa Nyanda za Juu. Wachezaji wa Ulaya na Marekani, wenye maduka ya michezo na vitabu vyake vya kurasa mia tatu, nao ni hivyo hivyo. Kuna wanaouza vijigereza vya chuma kabisa vya kufungia dadu zilizokosea. Kuna wanaozigandisha kwenye friza. Kuna hata anayeiponda moja kwa nyundo mbele ya nyingine, zijifunze. Ukisikia hivyo unakumbuka kamati za ufundi za mpira wetu na timu zinazoruka ukuta kukwepa kupita mlangoni, unajua tu kwamba binadamu ni mmoja.

Maelezo rahisi, yale ambayo mwalimu wa hesabu angeyatoa kwa dharau kidogo, ni kwamba hawa watu hawajui uwezekano. Hayafai. Muuguzi anapiga hesabu za dozi kila siku, na akikosea mtu anaumia. Mwingine ni binti anayesomea uhandisi pale chuo kikuu, Iyunga, na ndiye aliyeichora hesabu ya mkasa wa mhunzi nyuma ya daftari lake wakati sisi bado tunapiga kelele.

Nafasi ya kupata 1 ni moja kati ya 20. Mara tatu mfululizo ni moja kati ya 8,000. Ukiisikia hivyo inatisha. Lakini sisi wachezaji wanne, kila mmoja anarusha kama mara 40 kwa jioni, ndiyo mara 160. Tukicheza Jumamosi 50 kwa mwaka, tumefika mara 8,000. Maana yake mkasa wa namna ile tunaudai, kwa wastani, karibu mara moja kila mwaka, na safari hii umemwangukia muuza spea. Akaongeza na hii: ukirusha dadu ya pande 20 mara 20, nafasi ya kutoiona 20 hata mara moja ni kama asilimia 36. Zaidi ya theluthi! Mtu anarudi nyumbani usiku analia ana gundu, kumbe jioni yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Binti alipomaliza kutueleza, alifunga daftari, akaigeuza dadu yake 20 ikae juu.

Kwa hiyo wanajua. Wanajua na bado wanaifunga dadu. Hapo ndipo jambo linaponivutia.

Kabla dadu hazijatufikia, miezi minne ya mwanzo, tulichezea kofia. Tulikata vikaratasi 20, tukaviandika namba, tukavitia kwenye kofia ya sufi. Unachota, unasoma, unarudisha, unatikisa. Kwa hesabu hakuna tofauti yoyote na dadu ya pande 20. Na katika miezi ile minne sikumbuki hata siku moja mtu akisema kofia ina mkosi. Tuliumbuka kama kawaida, wahusika walikufa, tukacheka, tukaendelea. Mkosi uliingia chumbani siku kila mmoja alipofungua kifurushi chake akasema: hizi ni zangu.

Kofia ilikuwa ya wote, hivyo haikuwa na nyota. Dadu ina mwenyewe. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Ellen Langer, alichapisha matokeo ya majaribio kadhaa ya jambo hili. Katika mojawapo, wafanyakazi wa ofisi waliuziwa tiketi za bahati nasibu za dola moja. Wengine waliachiwa wachague tiketi wenyewe, wengine wakapewa tu. Baadaye wakaulizwa wangeuza kwa bei gani kama kuna mtu anaitaka. Waliopewa walitaja wastani wa dola 1.96. Waliochagua kwa mkono wao walitaka dola 8.67. Tiketi ni zile zile na droo ni ile ile. Kidole cha mtu kikigusa tu, karatasi inapanda thamani zaidi ya mara nne. Vijana wa mikeka wanaelewa. Mkeka uliopanga mwenyewe ukichanika unauma kuliko ule wa kunakili kwa jirani.

Mkono nao una imani zake. Pale Kabwe, kwenye kijiwe cha bajaji, huchezwa ludo mchana wakati abiria wamepungua, na nimewatazama mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye kazi. Anayetaka sita atoe kete yake nyumbani anaitikisa dadu kwa nguvu, anaipulizia, anaibamiza mpaka inaruka nje ya ubao. Anayetaka mbili tu amfikie mpinzani aliyekaa mbele yake, huyo anaiachia taratibu kama anaweka yai. Nilidhani ni ya Kabwe. Baadaye nikakuta kwamba James Henslin, mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1967 juu ya madereva teksi wa St. Louis waliokuwa wakicheza kamari ya dadu, nao wakifanya vile vile: namba ndogo kwa mkono mpole, kubwa kwa mkono mzito. Madereva wale na hawa hawajawahi kuonana. Mkono wenyewe unataka kuwa na sehemu katika jambo ambalo haumo.

Sasa, haki itendeke kwa muuza spea pia. Dadu inaweza kuwa na kasoro ya kweli. Mwaka 1894 mwanabiolojia wa Uingereza, W. F. R. Weldon, alikusanya hesabu za dadu 12 zilizorushwa pamoja mara 26,306. Ni matokeo 315,672. Alihesabu ni mara ngapi zilitoka tano au sita. Kwa dadu isiyo na upendeleo zingekuwa theluthi, yaani 105,224. Zilitoka 106,602. Miaka sita baadaye Karl Pearson alizitumia namba hizo kuonyesha kipimo kipya cha takwimu, na jibu lake likawa kwamba tofauti ile haikuwa ya bahati tu. Maelezo yanayotolewa sana ni ya kifundi kabisa: namba za dadu zile zilikuwa vishimo. Uso wa sita umechimbwa vishimo sita, ulio mkabala nao kimoja tu, kwa hiyo upande wa sita ni mwepesi na unapenda kukaa juu.

Dadu za pande nyingi nazo zina historia yao ya ubovu. Zile za miaka ya 1970 zilikuwa za plastiki laini. Pembe zililika mpaka zikawa kama gololi, na namba mchezaji alizipaka mwenyewe kwa kalamu ya nta. Za baadaye zikaja ngumu, ila viwandani nyingi husuguliwa ndani ya pipa linalozunguka ili zing'ae, na pipa halina macho: linakula pembe hii zaidi ya ile. Mmarekani Lou Zocchi alitumia miaka mingi akiwahubiria wachezaji hilo, huku akiuza zake zenye makali.

Basi nikaamua kuifanyia uchunguzi nyekundu kabla haijaanza kifungo. Kuna njia ya maji ya chumvi. Nilichukua jagi, nikamimina lita moja ya maji ya vuguvugu, nikakorogea chumvi ya jikoni mpaka ikagoma kuyeyuka. Inafika kama gramu 350. Maji yanakuwa mazito kiasi kwamba dadu ya plastiki inaelea. Unaizungusha kwa kidole, unasubiri itulie, unasoma uso uliokuja juu. Ikiwa upande mmoja ni mzito, labda kwa sababu kuna povu la hewa limenaswa upande wa pili, kila ukiizungusha itarudi mkao ule ule.

Nyekundu niliizungusha mara kumi. Ilileta namba za kila aina, haikuwa na mpango na mtu. Kisha, kwa umbea tu, nikaomba dadu ya bluu ya muuguzi, ile anayoifunga kwenye leso, ile ambayo kila mtu mezani anaamini ina zali. Ilizama nusu, ikajigeuza polepole kama mtu usingizini, ikaleta 3. Nikaizungusha: 3. Nikaizungusha: namba ya jirani na 3, halafu 3 tena. Mara saba kati ya kumi ilirudi pale pale.

Sikupiga kelele, kwa sababu maji hukuza mambo. Dadu inayoelea haina msuguano wa meza, kasoro ndogo kama nywele inaonekana kubwa, na mezani huenda usiione kamwe. Ile tofauti ya Weldon ni asilimia 33.77 badala ya 33.33. Kwa mwendo wetu, kukusanya matokeo mengi kama yake ingetuchukua karibu miaka 40 ya Jumamosi. Lakini nilimwonyesha muuguzi. Aliitazama dadu yake ikielea na ile 3 juu, akaitoa, akaikausha kwenye leso. "Hiyo ni kwenye maji," akasema. "Mezani inanijua."

Hesabu inajibu swali la ni mara ngapi. Haijibu kwa nini mimi, kwa nini leo, kwa nini juu ya daraja. Evans-Pritchard, Mwingereza aliyeishi na Wazande wa kusini mwa Sudan miaka ya 1920, alieleza jambo hili kwa mfano wa ghala la nafaka. Ghala linaanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo. Kila Mzande anajua hilo, hahitaji kufundishwa. Watu walikuwa wamekaa chini yake kwa sababu ya kivuli. Hilo nalo linajulikana. Linalobaki ni kwa nini limeanguka saa ile ile na juu ya watu wale wale. Kwa Wazande, hapo ndipo uchawi unapoingia.

Huku kwetu jibu lilikuwa na sura yake. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Rungwe miaka ya 1930 wakiandika maisha ya Wanyakyusa, waliambiwa juu ya pumzi ya watu: mtu akiwakosea wenzake, akawanyima nyama au akamtukana mzee, manung'uniko ya majirani yanamwingia kama baridi, anaugua. Naipenda dhana hiyo kwa jambo moja. Inamtuma mgonjwa ajiulize amemkosea nani, kisha akapatane naye. Ubaya ni kwamba swali la kwa nini mimi likishaulizwa, linatafuta mtu. Kiti hicho hakikai wazi.

Hapa sina budi kueleza kopo lilitoka wapi, na katika habari hii simo upande mzuri.

Yule binti wa uhandisi alijiunga nasi mwaka jana, baridi ya Juni. Alikaribishwa na msimulizi. Jumamosi ya kwanza tukashindwa vibaya, ya pili akafa mhusika wa muuguzi, ya tatu akafa wangu. Mmoja akatania, "Tangu huyu aje!" Tukacheka, naye akacheka. Wiki iliyofuata mwingine akamuuliza, kwa upole tu, kwao ni wapi. Akajibu, "Sumbawanga."

Anayeishi Tanzania hahitaji maelezo ya kimya kilichofuata. Mji ule umebebeshwa mizaha ya uchawi nchi nzima, na wenyeji wake wamechoka kueleza kwamba jina lenyewe maana yake ni tupa uchawi. Hakuna aliyesema neno. Ila jioni ile, alipoinama kuchukua karatasi yake, niliona mkono wa muuza spea unazivuta dadu zake karibu. Kisha wa muuguzi. Kisha nikaona wangu, mkono wangu mimi, mwandishi wa makala za uchambuzi, unazisogeza dadu zangu sentimita kumi kutoka kiwiko cha yule binti.

Aliona. Mtu anayejua kuhesabu huona. Jumamosi mbili hakuja.

Msimulizi wetu ni mtu wa maneno machache nje ya hadithi. Alimfuata hosteli kumwomba radhi, sisi wengine tukimsubiri kama watoto waliovunja chungu. Siku binti aliporudi, msimulizi alitoa lile kopo kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka katikati ya meza, akasema kuanzia leo, hapa mwenye makosa ni dadu. Mtu akikosa aseme ni dadu. Anayemtaja mtu, hata kwa utani, anakwenda nyumbani. Jina la Ruanda alilitoa binti mwenyewe. Plasta ilitoka kwenye mkoba wa muuguzi, aliyeibandika bila kumtazama mtu usoni.

Rafiki yangu mmoja, katekista, ananiambia tunafanya mzaha na moto. Anasema ushirikina haulelewi, unakatwa. Ukimzoesha kijana kusema dadu imerogwa, kesho atasema ng'ombe, keshokutwa atasema shangazi. Namheshimu, na sisemi anaota. Tunaishi mkoa ambao watu hapa wanakumbuka habari za kuchuna ngozi. Jirani zetu wa Njombe, mwanzoni mwa 2019, walizika watoto waliouawa, na vyombo vya dola vikahusisha mauaji yale na imani za kishirikina za utajiri. Tumezoea kusikia vikongwe wanauawa kwa sababu ya macho mekundu waliyoyapata jikoni, kwenye moshi wa kuni. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928. Wakoloni waliiandika, wakaondoka, ikabaki vitabuni, na vikongwe wakaendelea kuuawa.

Hata hivyo nadhani katekista anakata tawi lisilo lenyewe. Kwenye meza yetu imani ya mkosi haikuanzishwa na kopo. Ilikuwepo, ilikuwa inatafuta pa kukaa, na ilishapata kiti chake pembeni ya yule binti. Miezi yote ya hesabu nzuri nyuma ya daftari haikuihamisha. Kilichoihamisha ni kopo. Ukimwambia mtu mwenye uchungu kwamba hakuna wa kulaumiwa, huwa amekusikia, na bado mkono wake unatafuta. Mpe kitu cha plastiki cha kushika. Dadu haina mama wa kulia, haina nyumba ya kuchomwa, haitahamia kijiji kingine usiku ikibeba godoro kichwani.

Sidai kopo litaokoa kikongwe yeyote huko vijijini. Watu wanne wanaocheza Soweto si mkoa. Tena kuna hatari ambayo katekista hakuitaja: kwamba utani ukinoga sana tutasahau ulianzia wapi, tutakuwa na kopo zuri la kuonyesha wageni, na siku mgeni mwingine wa Sumbawanga au wa kokote atakapokaa, mikono itaanza tena kuvuta dadu huku midomo ikiimba Ruanda. Ndiyo maana nimeandika habari ya ule mkono wangu. Ningependa kuuficha.

Kuna jambo jingine dogo nililoliona tangu kopo lije. Zamani mtu akikosa, alinyamaza na kununa. Sasa kuna mashtaka, kuna utetezi. Wiki ile muuza spea, aliyekuwa ndiye mlalamikaji, aligeuka wakili katikati ya kesi akaanza kuitetea dadu yake kwamba siku za nyuma ilimwokoa kwenye pango la chatu, na kwamba ni kosa la kwanza. Msimulizi akakubali kupunguza mwezi ukawa wiki mbili. Mhunzi, kwa taarifa ya mama mwenye nyumba, hakufa. Alikokotwa na maji mpaka kwa wavuvi, amevunjika mguu.

Na mkuu wa gereza ni binti wa uhandisi. Ndiye anayefungua kopo na kulifunga, ndiye anayeandika tarehe za kutoka kwenye ukurasa wa mwisho wa lile daftari la hesabu. Ana masharti yake. Dhamana ni soda moja, wala haitolewi kwa anayeomba huku akicheka. Nyekundu inatoka Jumamosi ya wiki ijayo. Muuza spea ameshampigia simu mara mbili katikati ya wiki, kuulizia kama haipigwi baridi huko juu ya kabati.